Lenzi Hupimwa Pembeni: Mwongozo kwa Wanaozinunulia Mashine Macho

Kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Malecela pale Nzuguni, Dodoma, nilikuta watu wamejazana mbele ya banda moja wakishangilia mashine ya kuchambua karanga. Skrini kubwa ilionyesha punje moja tu, nyekundu, inang'aa, kila mkunjo wa ngozi yake ukihesabika. Kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akirudia "megapikseli ishirini" kila baada ya pumzi mbili. Wakubwa walipiga makofi, wapiga picha wakapiga picha. Mimi nikatazama pembe ya juu kushoto ya ile skrini, nikaona giza, ukungu na utepe wa zambarau, nikaenda zangu kutafuta chakula.

Kibaya chajitembeza, walisema wazee, na siku hizi kinajitembeza na kipaza sauti. Kilichoniudhi si yule kijana; yeye anatafuta riziki. Kilichoniudhi ni kwamba miongoni mwa waliopiga makofi walikuwamo watu ninaowafahamu hapa Mtumba, watu wanaokaa ofisini na kuandika sifa za mashine ambazo vyama vya ushirika na wasindikaji watauziwa kesho. Wamesoma, wana nia njema, na wakifika kwenye kipengele cha kamera wanaandika megapikseli, wanaandika idadi ya rangi, kisha kwenye lenzi wanaandika maneno mawili: "lenzi inayofaa". Inayofaa nani?

Basi nimeamua kuandika. Asiyependa lugha yangu asamehe. Miaka mingi ya kusafisha vumbi la watu wengine humfanya mtu akose subira.

Kwanza, anayedhani haya ni mambo ya urembo wa picha akumbuke mwaka 2016. Watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hasa wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto, na 20 kati yao wakafariki. Lawama kubwa ilikwenda kwa mahindi, lakini karanga hushikwa na kuvu huyohuyo. Ndiyo maana viwango vya Afrika Mashariki vinadai sumukuvu yote isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Sasa, kamera ya kawaida haioni sumukuvu. Muuzaji anayekuambia inaona, mwonyeshe mlango. Inachoona ni punje iliyopauka, iliyosinyaa, iliyovunjika au iliyoota kuvu. Kwa kuwa sumu hujikusanya kwenye punje chache za namna hiyo, ukizitoa hizo umetoa sehemu kubwa ya sumu. Hukumu ya mwisho ni ya maabara, na ile Maabara Kuu ya Kilimo iliyojengwa huku Mtumba chini ya TANIPAC, mradi wa kudhibiti sumukuvu, haitajali skrini yako ilikuwa na ukubwa gani. Itasaga karanga zako na kupima.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo sehemu rahisi, na anayekutoza fedha za ushauri kwa hesabu hii peke yake amekuibia.

Anza na punje, usianze na kamera. Doa la kuvu linalostahili kutupwa lina upana wa milimita moja. Lipe doa hilo pikseli sita au saba, la sivyo mashine inabahatisha. Chukua mkanda wa sentimita 35 na kihisi cha Sony IMX250, ambacho mafundi wengi wamekizoea: pikseli 2,448 kwa upana, kila moja mikroni 3.45, jumla milimita 8.4. Gawanya 350 kwa 2,448, unapata milimita 0.14 kwa pikseli. Doa lako linapata saba. Kamera ikining'inia sentimita 50 juu ya mkanda, zidisha 500 kwa 8.4, gawanya kwa 350. Jibu ni 12. Lenzi ya milimita 12, imekwisha.

Utaona kwamba megapikseli tano zimetosha. Za nini basi ishirini? Kihisi cha IMX183, cha megapikseli 20, kina pikseli za mikroni 2.4, na pikseli ikipungua lenzi lazima ipande daraja. Pikseli ya mikroni 3.45 inadai lenzi itenganishe jozi 145 za mistari kwa milimita. Ile ya 2.4 inadai 208. Lenzi nyingi zinazofungwa kwenye kamera hizo hazifiki huko hata katikati ya picha. Unalipia pikseli nne ili zikuonyeshe ukungu uleule ambao moja ingekuonyesha. Tena shata ya kihisi hicho husoma mstari baada ya mstari, kwa hiyo karanga inayokimbia hutoka imepinda. Punje ya kwenye banda la Nzuguni ilionekana vizuri kwa sababu ilikuwa imelazwa, haikimbii popote.

Halafu kuna ukubwa wa kihisi. Kihisi kinachoitwa cha theluthi mbili za inchi hakina theluthi mbili za inchi popote. Mshazari wake ni milimita 11. Majina hayo ni urithi wa zama za kamera za mirija, yakihesabu unene wa mrija wa kioo. Kinachoitwa cha inchi moja kina mshazari wa milimita 16. Lenzi iliyotengenezewa milimita 11 ukiifunga kwenye kihisi cha 16, unapata picha ya mviringo yenye giza kwenye kona, na nimekuta kiwanda kizima kikilalamikia taa. Kinyume chake hakina madhara: lenzi ya kihisi kikubwa kwenye kihisi kidogo hufanya kazi vizuri, na kwa maoni yangu ndiyo namna pekee ya kistaarabu ya kununua lenzi. Nunua kubwa kuliko unavyohitaji. Kisha angalia uzi wa kuifungia lenzi kwenye kamera: wa C una umbali wa milimita 17.526 kutoka kwenye bega hadi kwenye kihisi, wa CS una 12.526, tofauti ni pete ya milimita tano, na pete hiyo imepotea kwenye droo za mafundi wa nchi hii kuliko funguo za pikipiki. Kwa kamera za mstari, yaani zenye safu moja tu ya pikseli 4,096 za mikroni saba, urefu wa kihisi ni karibu milimita 29. Hapo sahau uzi wa C kabisa, tafuta maunti ya F au M42. Anayekuuzia adapta hapo anakuuzia giza.

Hayo yote utayakuta kwenye katalogi yoyote. Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Lenzi hupimwa pembeni. Katikati ya picha karibu kila lenzi huonekana nzuri, hata ya kamera ya ulinzi iliyong'olewa ukutani. Miale ya katikati hupita kwenye glasi karibu moja kwa moja. Ile ya pembeni huingia kwa mshazari, na kila kosa la glasi na la mchoro hukua kadiri unavyotoka kuelekea kona. Ernst Abbe na Otto Schott walianzisha kiwanda cha glasi kule Jena mwaka 1884 kwa sababu glasi za wakati ule hazikutosha kurekebisha makosa ya namna hiyo, na tangu hapo fedha unayolipia lenzi bora kwa sehemu kubwa unailipia kona nne za picha. Lenzi ya bei ndogo na ya bei kubwa, ukizilinganisha katikati, utaapa kwamba umeibiwa. Zilinganishe kwenye kona, utaelewa.

Kona ina maradhi matatu. La kwanza ni giza. Kwa lenzi ya milimita 12 kwenye kihisi cha milimita 11, hesabu tupu ya pembe inasema kona itapata kama asilimia 68 ya mwanga wa katikati, na lenzi mbovu huongeza giza lake juu ya hilo. La pili ni ukungu: mistari iliyotengana katikati inaungana ikifika pembeni. Haya mawili hata mwanafunzi huyaona. La tatu ndilo linaloua, na ndilo asiyejua haliangalii kamwe: utepe wa rangi kwenye ukingo wa punje.

Tazama kwa karibu. Lenzi duni haikuzi rangi zote kwa kipimo kimoja. Taswira ya buluu huwa ndogo au kubwa kidogo kuliko taswira nyekundu. Katikati zinalaliana, pembeni zinaachana. Matokeo yake, karanga nzima, safi, iliyolala kwenye kona, hupata utepe wa zambarau upande mmoja wa ukingo wake na utepe wa kijani upande wa pili. Rangi zikiachana kwa mikroni 10 tu juu ya kihisi, hizo ni pikseli tatu, na juu ya karanga ni zaidi ya milimita 0.4. Umeifundisha mashine kwamba doa lenye rangi ngeni ni kuvu. Inaona rangi ngeni. Vali inafunguka, upepo unapiga, karanga nzuri inakwenda kwenye makapi.

Ubaya hauishii hapo. Mwendesha mashine anaona karanga nzuri zimejaa kwenye makapi. Mwenye kiwanda anamfokea. Anachofanya, na wote hufanya, ni kupunguza ukali wa uchambuzi kwa mashine nzima. Sasa karanga nzuri za pembeni zimesalimika, lakini karanga zenye kuvu za katikati nazo zinapita. Kila mtu anafurahi, makapi yamepungua, na gunia linaondoka na sumu. Kosa la lenzi kwenye kona limegeuka kuwa sumu katikati ya mkanda, na hakuna hata mtu mmoja aliyeitazama lenzi.

Mzee aliyenifundisha kazi hii, fundi wa Kizota aliyeanzia kwenye mashine za alizeti, alikuwa na desturi moja iliyowachanganya wateja. Akiitwa kwenye kiwanda hakwenda kwenye skrini. Alikwenda kwenye debe la makapi, akachutama, akaanza kupekua kwa vidole.

"Mzee, kompyuta iko huku," kijana mmoja wa kiwanda alimwambia siku moja mbele yangu.

"Kompyuta itaniambia inachofikiri, mwanangu," akajibu. "Hili debe litaniambia ilichofanya."

Akaagiza vipande vya boksi, akagawanya mdomo wa makapi sehemu tano, kila sehemu ikipokea njia zake za mkanda. Mashine ikaendeshwa kwa muda wa kunywa chai. Sehemu tatu za katikati zilijaa karanga mbovu kama inavyotakiwa. Sehemu mbili za pembeni zilijaa karanga ambazo wewe na mimi tungekula bila kuuliza. Akazishika viganjani, akamwonyesha mwenye kiwanda, hakusema kitu. Kisha akapanda ngazi na kuifungua lenzi.

Mzee huyo ndiye aliyenipa ubao. Ni ubao wa upana wa mkanda, uliopakwa rangi ya kijivu isiyong'aa, umegundishwa karanga tisa zilizochaguliwa zifanane kwa ukubwa na rangi: moja katikati, nne kwenye kona, na moja katikati ya kila upande. Unauweka chini ya kamera, unapiga picha moja, unazikata zile punje tisa kutoka kwenye picha na kuzipanga upya bila mpangilio. Ukiweza kusema ipi ilikuwa kona na ipi katikati, lenzi haifai. Ukishindwa, nunua. Sijawahi kuona kipimo bora zaidi, na nimeona maabara zenye mashine za bei ya nyumba. Grafu za MTF, zinazoonyesha lenzi inavyotenganisha mistari, ni nzuri, zisome, hasa mstari wa chini kabisa unaoonyesha ukingo wa picha, ule ambao wauzaji huuficha kwa kukupa wastani. Lakini grafu nyingi hupimwa kwa kitu kilicho mbali sana, na karanga yako iko nusu mita. Ubao haudanganyi kuhusu umbali.

Kwa kamera za mstari, zile zinazotazama karanga zikianguka kwenye mlizamu, kona ni ncha mbili za mstari. Kanuni ni ileile, na dhambi ni zilezile.

Sasa walaghai. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alinitumia picha ya majaribio iliyonivutia mno: kona safi, mwanga sawa, hakuna utepe. Nikatazama ukubwa wa faili. Kamera ilikuwa ya pikseli 2,448 kwa 2,048. Picha ilikuwa 1,600 kwa 1,200. Alikuwa amezikata kona akabaki nazo Kariakoo. Nilipompigia simu alicheka, akaniambia, "Kaka, wewe ndiye wa kwanza kuuliza." Namwamini, na hilo ndilo tatizo.

Mwingine hutumia programu kung'arisha kona zenye giza. Mwanga unasawazika kweli, ila chengachenga nazo zinang'arishwa, na undani uliokwisha kupotea haurudi. Mwingine hunoa picha kwa programu hadi kila ukingo unapata mstari mweusi. Macho ya binadamu yanaupenda mstari huo, mashine inaudhani ni ufa. Mwingine, huyu ni hodari, alileta ubao wa majaribio uliochapishwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe na kamera isiyo na rangi. Kweli kamera hiyo haiwezi kuonyesha zambarau. Utepe upo, umegeuka kijivu tu. Daima dai picha ya rangi, ya mazao yako mwenyewe, isiyokatwa, isiyonolewa.

Mkoa huu wa Dodoma ulishawahi kulipa gharama ya kutazama vibaya. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walikuja kupima kama karanga zingestawi kwa mashamba makubwa, na sehemu kubwa ya ardhi waliipima wakiwa angani, ndani ya ndege. Mwaka uliofuata mradi ukaanza Kongwa. Udongo wa mfinyanzi ulikauka kiangazi ukazivunja zana zao, mvua haikuja kama walivyoandika, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Walioishi Kongwa walijua udongo wao unavyofanya mwezi wa saba. Hawakuulizwa.

Tuendelee, maana mambo mengine ni mafupi.

Apecha, yaani tundu la kupitishia nuru. Nilimkuta fundi aliyefunga lenzi hadi f/11 "ili kila kitu kiwe ndani ya fokasi". Kwa f/11 nuru yenyewe husambaa hadi kuwa doa la mikroni 15, zaidi ya pikseli nne. Alinunua kamera ya megapikseli tano akaigeuza kuwa ya chini ya moja. Kwa mpangilio niliotaja, f/4 inakupa kina cha zaidi ya milimita 40, na karanga haina unene huo. Upande wa pili, mpiga picha wa harusi aliyeletwa kuwa mshauri alileta lenzi ya f/1.4 na kuifungua yote. Maharusi wangependeza. Karanga zilitoka na utepe wa zambarau hadi nusu ya picha. f/4 hadi f/5.6, usiniulize zaidi. Kama mwanga hautoshi ongeza taa, usifungue lenzi: karanga inayokwenda mita tatu kwa sekunde inadai shata ya takriban sekunde moja ya elfu ishirini, na hiyo ni kazi ya taa.

Skrubu. Lenzi ya kiwandani ina skrubu ndogo za kufungia pete ya fokasi na pete ya apecha. Isiyo nazo si lenzi ya kiwandani hata ikiandikwa hivyo kwa dhahabu. Mashine inatetemeka usiku na mchana. Pete isiyofungwa hutembea taratibu, na hakuna atakayegundua mpaka mzigo urudishwe.

Lenzi za kuvuta na kusogeza hazifai kiwandani. Sina hoja ndefu hapa. Hazifai.

Uzito. Lenzi nzuri ni nzito kwa umbo lake na pete yake huzunguka kwa ukinzani uleule mwanzo hadi mwisho. Lenzi ikizunguka kwa wepesi, irudishe kwenye boksi. Najua watengenezaji wa leo wana plastiki ngumu na vipimo vya kuthibitisha. Mimi sitaigusa. Kule chini ya bati, saa nane mchana mwezi wa kumi, halafu saa kumi alfajiri mwezi wa saba wakati Dodoma inatetemeka kwa baridi, fokasi ya plastiki husogea, na chuma hata kikisogea husogea kwa adabu.

Majina. Schneider-Kreuznach, Zeiss, Fujinon, Kowa, Computar, Edmund Optics, Opto Engineering. Kila moja ina toleo zuri na toleo la kuuzia wasiojua. Jina lisikusahaulishe ubao. Kuhusu lenzi za Kichina, wapo wanaotengeneza vizuri sana siku hizi, na wapo wanaochapisha "10MP" kwenye lenzi yoyote inayopita mbele ya mashine ya kuchapia. Megapikseli kwenye lenzi ni maneno ya muuzaji; lenzi haina pikseli hata moja.

Vumbi. Huku kwetu kuanzia Mei hadi Novemba upepo hauombi ruhusa. Lenzi ikae ndani ya kasha lenye kioo cha mbele kinachobadilishwa, na kioo hicho ndicho kiguswe. Nimekuta mlinzi akifuta lenzi ya mamilioni kwa pindo la shati lake, kwa upole na mapenzi, huku mchanga wa Mtumba ukichora duara juu ya tabaka la kuzuia mng'ao. Kupuliza kwa kompresa pia ni kosa kama kompresa inatema mafuta, na nyingi hutema. Tumia pampu ya mkono, brashi laini, kisha kitambaa cha lenzi. Kwa mpangilio huo.

Nikumbuke kidogo ya zamani, kisha nimalize. Kabla ya mashine hizi, karanga za Mpwayungu na Kibaigwa zilichambuliwa na akina mama chini ya mti, kila mmoja na ungo wake. Walikuwa wanapiga soga, wanacheka, wanamnyonyesha mtoto, na mbovu haikupita. Nimefikiri sana kwa nini. Jicho la binadamu nalo ni hafifu pembeni. Huona vizuri mahali padogo tu, katikati. Lakini mama yule alipeleka katikati hiyo kwenye kila punje, moja baada ya nyingine, kwa kasi isiyohesabika. Kamera iliyofungwa kwa boliti haigeuki. Inatazama mkanda wote kwa mtazamo mmoja, na punje ya kona haitapata nafasi ya pili. Tulipowaondoa wale mama tulijipa wajibu wa kununua lenzi ambayo kona yake ni sawa na katikati yake. Wengi tumechukua akiba ya mishahara yao na kuusahau wajibu.

Vilevile zamani lenzi za uzi wa C, zile zilizotoka kwenye kamera za filamu za milimita 16, zilikuwa za shaba na chuma, na namba zilichongwa, hazikuchapwa. Ninazo mbili. Kona zake si nzuri kwa vihisi vya leo, nakiri, lakini ukizishika unajua kwamba aliyezitengeneza hakuwa na haraka.

Ombi langu kwa wanaoandika zabuni ni fupi. Lenzi ipewe ukurasa wake. Andikeni urefu wa fokasi, ukubwa wa kihisi ambacho lenzi inakitosheleza, MTF ya ukingo kwa f/4 katika umbali halisi wa kazi, kiasi rangi zinavyoachana kwenye kona kwa mikroni, na skrubu za kufungia. Bei ya lenzi kuwa theluthi ya bei ya kamera si anasa. Ikiwa chini ya sehemu ya kumi, kuna mtu anakucheza shere.

Na kwako mnunuzi mdogo, usiye na mhandisi: kabla hujalipa, dai picha nzima isiyokatwa, yenye karanga zako kwenye kona zote nne. Muuzaji akisema kona hazina umuhimu, mkumbushe kwamba mkanda wako una kingo mbili na zote mbili zinabeba karanga za kuuza. Akiendelea kubishana, weka fedha yako mfukoni na utafute muuzaji mwingine.